Kurusha T-6 Texan II kwenye simuleta: mwongozo kamili, kuanzia kuwasha mpaka kutua injini ikiwa imezima

Wakuu, kila mtu akishaweka simuleta kwenye kompyuta anakimbilia Boeing au jeti ya vita, anaiangusha wiki mbili mfululizo, halafu anasema gemu mbovu. Mimi nilipita hukohuko. Siku nilipoachana na majeti nikakaa kwenye ndege ya shule, injini moja ya tabaini na propela mbele, ndo nikaelewa kwa nini jeshi halimchukui kijana likamrusha moja kwa moja kwenye F-16. Kwa hiyo tunapiga T-6 Texan II mwanzo mwisho, na ile sehemu ya kutua bila injini ntakaa nayo sana manake ndo yenye utamu wenyewe. Haya ni mambo ya simuleta tu jamani, mtu asije akabeba karatasi hii akaenda nayo kwenye ndege ya kweli.

Najua Wakenya mtauliza mbona sio Tucano, ndege nyingine ya shule ya aina hii, maana jeshi lenu la anga lilinunua Short Tucano 12 zilizoundwa Belfast. Ndege nzuri sana ile, sina neno nayo. Ila T-6 namba zake ni nyepesi kukariri, na ukizishika unaweza kuhamia ndege yoyote ya aina hii ukabadilisha vitu viwili vitatu tu.

Kwa ufupi, hii ndege asili yake ni Uswisi, imezaliwa na Pilatus PC-9 iliyoruka mara ya kwanza 1984. Mwaka 1995 ikashinda shindano la Marekani la kutafuta ndege moja ya kufundishia marubani wa jeshi la anga na wa jeshi la majini, wakairekebisha sana, ikawa inaundwa Wichita, Kansas. Leo utaikuta Morocco, Ugiriki, Israel, Kanada wanaiita Harvard II, na Waingereza nao wameiweka kituo cha Valley huko Wales, Tucano zao walishazistaafisha 2019. Viti viwili, mmoja nyuma ya mwenzake, mwalimu nyuma kainuliwa kidogo aone mbele, na vyote viwili ni vile vya kukurusha nje mambo yakiharibika.

Kwanza uielewe injini, usiruke hapa

Injini ni Pratt & Whitney PT6A-68, nguvu farasi 1,100, kwenye ndege yenye uzito wa kupaa usiofika tani tatu. Yani ni kama kufunga injini ya lori kwenye bajaji. Hewa inaingilia kwa nyuma ya injini inakuja mbele, moshi unatokea karibu na pua, ndo maana yale mabomba mawili ya moshi yako pale mbele pembeni na sio nyuma. Ndani kuna sehemu mbili zinazozunguka ambazo hazijafungana kwa chuma: moja inatengeneza gesi ya moto, nyingine inasukumwa na hiyo gesi na ndo inazungusha propela. Hii ikae kichwani, tutaihitaji baadaye.

Propela ina mapanga manne, na kompyuta ya injini inaishikilia kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika ukishapandisha nguvu, wewe unasukuma mkono mmoja tu. Ndege nyingine za propela zina mikono miwili hata mitatu, hapa wamefanya makusudi iwe mmoja ili mwanafunzi azoee jeti mapema. Kipimo chako kikubwa ni torki, yani nguvu ya kuzungusha propela, inasomeka kwa asilimia, mwisho 100.

Sasa ubaya wake. Propela inazunguka kuelekea kulia ukiitazama kutoka kwenye kiti, upepo wake unajizungusha kwenye mwili wa ndege kama kamba, unaenda kupiga mkia upande wa kushoto, pua inakimbilia kushoto. Ukiongeza nguvu inavuta kushoto, ukipunguza inarudi kulia. Ndege ina kifaa kinachosogeza trimu ya mkia (kile kibati kidogo cha kurekebisha usukani wa mkia) chenyewe kukusaidia, ila kinakusaidia tu, hakikufanyii kazi. Mpwa wangu siku ya kwanza amekaa pembeni yangu ananiangalia napaa, akauliza, "Mjomba, mbona tunaenda kwenye majani?" Nilikuwa nimesukuma nguvu yote mbele kwa mpigo, na mguu wa kulia, unaotakiwa kukanyaga pedali ya kurudisha pua kulia, umelala kama wa mtu anayekunywa chai.

Hatua ya 1: vifaa na uwanja

Joistiki ya kawaida inatosha, ila iwe ile ambayo inajipinda kushoto na kulia ili uwe na pedali. Yangu niliinunua mtumba, ina mchezo kidogo katikati, nimeiwekea nafasi kufa (pale katikati ambapo ukiigusa simuleta haisikii) ya asilimia tano kwenye mipangilio maisha yanaenda. Zima ule msaada wa simuleta unaokanyaga pedali kwa niaba yako, ukiuacha hutajifunza kitu. Na kama mtaani kwenu umeme ni wa kubahatisha, jizoeze kuhifadhi safari, mimi nimeshakatikiwa niko futi 200 kutua vizuri kuliko siku zote za maisha yangu na hakuna shahidi.

Uwanja natumia KIA, yani uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, Tanzania. Njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.6, kosa lolote inakusamehe, na uko futi 2,932 juu ya usawa wa bahari. Hiyo namba iandike kwenye karatasi bandika kwenye skrini. Tutapaa kuelekea mashariki, yani njia ya 09, Kilimanjaro itakuwa kushoto kwako, kwa hiyo kona zote tunakata kulia kuelekea kusini kwenye tambarare.

Hatua ya 2: kuwasha

Washa betri, funga kanopi (kile kioo cha juu yako), hakikisha breki ya kuegesha imeshika. Mkono wa nguvu usogeze mbele kidogo mpaka ile taa ya kuonyesha iko tayari kuwaka itokee, halafu bonyeza starta kwenye nafasi ya otomatiki, toa mkono. Kompyuta ndo inamwaga mafuta na kupiga cheche. Kazi yako wewe ni macho. Tazama mizunguko ya gesi inapanda, mafuta yakishashika tazama joto. Joto linapanda haraka, linafika kilele, linashuka, hapo ni salama. Likipanda kwa kasi kuelekea nyuzi 1,000 za sentigredi na halionyeshi dalili ya kupumua, rudisha mkono kwenye kuzima, usisubiri uone itakuwaje. Kwenye injini ya kweli hiyo sekunde tano unayosubiri inachoma tabaini nzima, pesa ambayo hata hatuitaji hapa.

Mizunguko ikifika kama asilimia 60, mkono uweke kwenye sailensa, yani nguvu ya chini kabisa injini ikiwa bado inawaka. Washa jenereta, redio, kiyoyozi. Kipindi hiki propela inazunguka polepole chini ya nusu ya spidi yake, usishangae.

Hatua ya 3: kutembea na kupaa

Kutembea ardhini hakuna siri, washa usukani wa gurudumu la pua, polepole kama mtu anayetembea haraka, na breki gusa usikanyage.

Kwenye njia ya kurukia: flapu (vile vibati vya nyuma ya bawa vinavyoshuka kuongeza kunyanyua) weka nafasi ya kupaa, trimu kwenye alama za kupaa, usukani wa gurudumu zima, kifaa cha trimu kiwe kimewaka. Shika breki, panda mpaka torki asilimia 30, soma geji zako zote. Ziko sawa? Achia breki na upeleke mkono mbele hadi mwisho kwa sekunde mbili tatu, usiurushe. Mguu wa kulia uanze KABLA pua haijaondoka. Hili ndo kosa la watu wote, wanasubiri waone pua imekimbia ndo wakanyage, wanakanyaga kwingi, inaruka kulia, wanakanyaga kushoto, tayari ni muziki. Tazama mwisho wa njia sio mbele ya pua.

Kwenye noti 85 vuta taratibu. Noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo hapo uko 157 hivi, spidi ambayo kuna basi zetu zinaifikia bila mbawa. Ukishaona unapanda kweli, kunja matairi, ukipita 110 kunja flapu, na vyote viwili viwe vimeshakunjwa kabla ya 150 manake hiyo ndo kikomo chake. Hii ndege inaongeza spidi kwa fujo kwa hiyo ukizubaa ukiangalia mlima unapita kikomo. Acha spidi ifike 180 panda nayo hivyohivyo.

Hatua ya 4: juu, kuizoea

Panda futi 15,000 ukae huko. Kabla ya sarakasi fanya hili zoezi la kuchosha: lala sawa spidi 200, halafu toa nguvu mpaka chini, rudisha mpaka juu, toa tena, na ile mpira ya kwenye geji ya kona ibaki katikati muda wote kwa miguu tu. Dakika kumi. Ukiweza bila kuangalia mpira, mguu umeshaelewa.

Stoli, yani bawa kuacha kunyanyua kwa sababu spidi imeisha: punguza nguvu, shikilia kimo mpaka itetemeke, achia stiki mbele kidogo, nguvu mbele, MGUU WA KULIA. Umeona tumerudi palepale.

Duara la wima: ingia na spidi 230 mpaka 250, nguvu yote, vuta mpaka G nne (yani uzito wako mara nne), ukifika juu kichwa chini legeza kidogo, ukishuka vuta tena. Uwe na futi elfu tatu za kuchezea. Ndege yenyewe inavumilia G saba, wewe kwenye kiti cha plastiki unavumilia hata ishirini, ila usiizoee hiyo.

Kuzunguka kama pia, yani spini, anza juu ya futi 13,500. Kutoka: hakikisha matairi na flapu vimekunjwa, nguvu chini kabisa, tazama ile geji ya kona inaonyesha unazunguka upande gani, kanyaga pedali ya upande wa pili mpaka mwisho, stiki mbele kidogo kupita katikati. Ikisimama kuzunguka achia pedali, vuta utoke kwenye kupiga mbizi. Usitazame nje kutafuta unazunguka upande gani, kichwa kitakudanganya. Na kama umefika futi 6,000 juu ya ardhi bado inazunguka, kwenye maisha halisi hapo mtu anavuta kile kishikio anaondoka na kiti. Kwenye simuleta na mimi navuta, nimejiwekea sheria. Mtu anayejiambia "nitaiokoa tu" ndo huyohuyo.

Hatua ya 5: kutua kwa kawaida

Namba tatu: 120, 110, 100. Ukisahau vingine vyote kumbuka hizi.

Rudi KIA ukitokea magharibi, futi 4,000 kwenye geji (yani elfu moja juu ya uwanja), spidi 200, pita juu ya njia yenyewe. Ukiwa juu ya uwanja punguza nguvu kata kona kali kulia, spidi itaanguka yenyewe kwenye kona. Ikishuka chini ya 150 toa matairi, flapu ya kupaa, torki kama asilimia 30, utajikuta unarudi sambamba na njia ukiwa na 120. Njia ya kurukia iwe inaonekana kwenye bawa lako la kulia, karibu na ncha. Ukiwa karibu sana kona ya mwisho itakubana utavuta sana utaingia stoli chini, na hapo hakuna futi za kutokea.

Mwanzo wa njia ukishakuwa nyuma ya bega lako, flapu zote, nguvu punguza mpaka torki asilimia kumi na kitu, anza kona ya mwisho ukishuka na 110. Ukinyooka mbele ya njia, 100. Ardhi ikija, toa nguvu polepole huku ukiinua pua kidogo, magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Ukitoa nguvu kwa ghafla yale mapanga manne yanakuwa kama sahani kubwa mbele, ndege inadondoka kama embe. Nimevunja matairi mengi sana hapo.

Rudia mara thelathini. Sitanii. Usiguse hatua inayofuata mpaka uzishike 120, 110, 100 bila kupishana noti tano.

Hatua ya 6: injini imezima

Hapa ndo nilipotaka kufika. Ndege ya injini moja ikizima huna ya pili, una kimo na spidi tu, na hivyo ndo pesa yako ya mfukoni.

Kitu cha kwanza: kama una spidi zaidi ya 150, vuta uibadilishe kuwa kimo. Pua juu nyuzi ishirini, subiri spidi ishuke, halafu sukuma upate 125. Hiyo 125 ndo spidi ya kuteleza mbali zaidi ukiwa umekunja kila kitu.

Cha pili: mkono wa nguvu rudisha mpaka kuzima kabisa. Ukiuacha kwenye sailensa mapanga yanaendelea kuukinga upepo kwa ubapa na unashuka kama lifti. Ukizima, mapanga yanajilaza yakikata upepo kwa makali, ghafla ndege inakuwa kama imeachiwa kamba. Hili likifanyika vizuri unapata maili mbili za baharini kwa kila futi elfu moja.

Cha tatu: geukia uwanja, upige hesabu. Hesabu yenyewe hii hapa kwa KIA. Unatakiwa ufike juu ya uwanja ukiwa na futi 3,000 juu ya ardhi, ongeza 2,932, kwenye geji yako inasoma kama 5,900. (Kuna jamaa alichanganya akadhani namwambia afike kwenye kilele cha Kilimanjaro kwa sababu ule mlima ni 5,895. Ile ni MITA, kaka. Kwa futi ni 19,341.) Sasa tuseme injini imekufa uko juu ya Moshi mjini, KIA iko kama maili 17 za baharini. Gawa kwa mbili, unahitaji futi 8,500 za kuteleza, jumlisha 5,900, unapata 14,400. Kama geji yako inasoma 15,000 uko tajiri. Kama inasoma 10,000 huna safari, una futi 4,100 za kutumia, ni maili nane tu, na hapo jibu ni kiwanja kidogo cha Moshi kilichopo chini yako. Kwa akili yangu hapa ndo hii ndege inamtenganisha rubani na mcheza gemu: mcheza gemu ananyoosha pua juu akiomba ifike, spidi inaisha, ndege inalala kifudifudi. Kuinua pua hakuongezi maili hata moja.

Cha nne, milango mitatu, yani sehemu tatu za angani unazotakiwa kupita ukishuka. Mlango wa juu: geji 5,900, uko juu ya njia, theluthi ya kwanza, unatazama upande utakaotulia. Toa matairi hapo, spidi 120. Anza kona ya kulia ya upole. Mlango wa chini: umegeuka nusu duara, uko sambamba na katikati ya njia, geji kama 4,400, flapu ya kupaa. Mlango wa tatu: uko kwenye kona ya mwisho, geji kama 3,600, bado 120. Ukinyooka, usiruhusu ishuke chini ya 110 mpaka uwe umefika juu ya lami. Flapu zote uzitoe pale tu una uhakika umefika, zikishatoka hairudishwi shilingi.

Umefika mlangoni ukiwa juu sana? Panua duara, au chelewesha flapu halafu uzimwage zote mwishoni. Uko chini? Kata kona mapema, elekea mlango unaofuata moja kwa moja. Usisahihishe kwa pua, sahihisha kwa njia unayopita.

Kwa mazoezi usizime injini kabisa, weka torki kati ya asilimia 4 na 6. Hicho ni kiasi ambacho propela haivuti wala haizuii, ndege inateleza sawa na ikiwa mapanga yamelala. Walimu wenyewe ndivyo wanavyofanya, na ukiharibu unasukuma mkono mbele unaondoka. Mimi nilifanya kumi na moja, tisa zikafa, mbili nikatua, na ile ya kwanza kati ya hizo mbili nilisimama kwenye kiti nikapiga kelele mpaka mama watoto akaja kuuliza kuna msiba gani.

Hatua ya 7: kuzima

Ukishaegesha, acha sailensa dakika moja joto litulie, halafu mkono nyuma kabisa. Mafuta yanakatika, shinikizo la oili linashuka, na kwa sababu ni hiyo oili ndo ilikuwa inayashikilia mapanga, springi zinayalaza. Propela itaendelea kuzunguka yenyewe kwa muda bila kelele, kwa kuwa haijafungwa kwa chuma na ile sehemu ya gesi. Kwenye ndege ya kweli ikishapoa unaweza kuisukuma kwa kidole. Subiri isimame kabisa ndo uzime betri.